Utu Alioninyima Fundi wa Akala

Fundi wa viatu vya akala, jirani yangu wa Dandora, amefariki. Jumamosi tunamzika, na wanawe wameniomba nizungumzie utu wake kwa kuwa mimi ndimi msomi wa ploti yetu ya wapangaji. Nimekubali, ingawa tulikuwa tumenuniana kwa miaka sita.

Wasomaji wangu wa safu hii wanajua nilivyokwenda ng'ambo kwa jasho langu, bila mjomba mwenye cheo, nikarudi na diploma mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Nikataka kuoa. Wazee wa upande wa msichana walikuja mtaani kuulizia tabia yangu, kama ilivyo desturi, nami nikawaelekeza kwa fundi. Tulikuwa tumekua pamoja, nilimhesabu ndugu. Nilisimama nyuma ya pazia la dirisha langu, hatua chache kutoka kibanda chake, nikisikiliza.

"Kijana ana akili," alisema huku akikata tairi. "Ana diploma. Pombe hagusi."

"Hayo tumesikia, fundi. Ana utu?"

Kisu kilitulia. "Wazee wangu, hapo msinilazimishe."

Wazee walimaliza chai waliyokaribishwa, wakaaga, wasirudi tena. Nilitoka nikamkabili.

"We jamaa, umeniuza!"

"Sijakuuza, buda. Matanga ya mama yangu kule kijijini ulikuja na nini? Albamu ya picha za majuu! Watu wanalia, we unapitisha albamu: 'Hapa nimevaa joho, hapa ni theluji.'"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hata leo nasema alinisaliti. Rafiki angenivuta kando siku ile ile ya matanga, asingoje wageni waje kuulizia tabia yangu. Lakini tazameni tunavyolitumia neno hili, utu. Mwenye gari tunamwita mtu; kila anayekufa, hata aliyewapiga majirani, tunasema alikuwa na utu. Fundi hakuligawa hivyo. Elimu yangu niliitafuta mwenyewe, nami najivunia. Utu sikuweza kujiandikia cheti. Ulikuwa mikononi mwa jirani aliyeniona siku ya msiba.

Tangu juzi nimekuwa nikitafuta la kusema, na nimekumbuka jambo moja. Wale wazee hakuwasimulia habari za albamu. Wala ploti nzima, ambayo haikufika kule kijijini, hakuna aliyewahi kunicheka kwayo, maana hakumwambia mtu. Wa kwanza kuitangaza ni mimi, hapa, leo. Jumamosi nitasimama niseme alikuwa na utu, kisha nikae.