Kitabu Kilichopigwa Pasi

Baba yangu, Yotamu, alimpikia Mzungu mmoja wa kahawa huko Mbozi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikabaki kichafu. Alipiga pasi mashuka, alipiga pasi soksi, alipiga pasi hata gazeti kabla halijapelekwa mezani, maana bwana wake hakupenda gazeti lenye makunyanzi. Watu wa kijijini kwetu, juu ya Mbeya, walimcheka na kumwita mke wa Mzungu. Mimi nilijivunia. Nilikuwa mjinga.

Mwaka 1955 Mzungu akafunga mizigo kurudi kwao. Kiinua mgongo hakikuwapo. Alimpa baba bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na kitabu cha picha cha mwanawe, kikuukuu, chenye vumbi na alama za vidole vya mtoto. Juu yake palikuwa na mwanamume mwenye kinyago na joho jekundu, anaruka angani huku amebeba gari zima kama kapu la viazi.

"Pesa sina, Yotamu," Mzungu alimwambia. "Lakini hii ni namba moja, ya kwanza kabisa kuchapwa. Kuna Mgiriki wa tumbaku huko Iringa, ananunua vitabu hivi kwa wazimu. Hii haikosi shilingi mia mbili. Itunze."

Baba alitusimulia maneno hayo mara nyingi mpaka tukayajua kwa moyo. Mimi nilikuwa na hakika kwamba Mzungu amemdanganya mzee wa watu. Laiti angekuwa amemdanganya.

Mwaka 1957 nilirudi nyumbani kutoka kwa mume wangu, Eliezeri, taya limevimba na meno mawili hayapo. Alinipiga Jumapili, tumetoka kanisani, kwa sababu niliongea mno na wenzangu wa kwaya. Haikuwa mara ya kwanza, ila nilikata shauri iwe ya mwisho. Wazee wa baraza walitusikiliza, kisha wakasema: rudisheni ng'ombe wanne wa mahari, mwanamke yuko huru. Kama ng'ombe hamna na mnasema anapigwa, Jumatatu ya wiki ijayo leteni ushahidi; la sivyo anarudi kwa mumewe. Eliezeri alikuwa ameapa kwamba nilianguka mtoni.

Ng'ombe wawili walikuwa zizini. Wawili walikwisha kwenda kumwoza kaka yangu Lutengano. Na ng'ombe wawili siku zile walikuwa shilingi mia mbili.

"Usiogope, Tusajigwe," baba aliniambia. "Hiki kitabu kitakutoa."

Shangazi Marta hakuamini vitabu. Yeye alichukua gauni langu jeupe la kanisani, lile nililokimbia nalo, lenye damu kutoka kwenye ukosi hadi kiunoni, akalikunja na kulificha kapuni chini ya kitanda. "Usilifue," alisema. "Hili litasema mbele ya wazee. Hakuna mto unaomwaga damu namna hii." Baba hatukumwambia. Nguo ya namna ile binti hamwonyeshi baba yake.

Alhamisi tukapanda basi, na Ijumaa asubuhi tulikuwa Iringa. Mgiriki hakuonana na watu. Alikuwa na mtu wake sokoni, Silvester, kijana wa Kihehe aliyesomea misheni ya Tosamaganga, aliyeuza vitabu na magazeti makuukuu. Yeye ndiye aliyemkagulia Mgiriki mali.

"Kamwene, mzee," Silvester alitusalimu kwa Kihehe, akatukaribisha vitini. Kisha akanawa mikono, akaikausha, akatandaza kitambaa safi mezani. Nilipoona vile moyo wangu ukatulia. Nikasema, huyu naye ni mtu wa usafi, wataelewana.

Baba akafungua bahasha. Kitabu kilikuwa kimejalidiwa kwa karatasi nene ya kaki, pembe zimekunjwa vizuri kuliko daftari la mwalimu. Silvester akakitazama bila kukigusa.

"Nani amekijalidi?"

"Mimi mwenyewe, kwa uji wa ngano. Haibanduki hiyo."

Silvester alijaribu kuinua ukingo wa kaki kwa ukucha. Haukubanduka. Akakifungua, akakuta uzi mweupe mgongoni.

"Na pini zake?"

"Zilikuwa na kutu, bwana karani. Nilizitoa, nikashona."

Kurasa zilikuwa zimenyooka na kung'aa kwa pasi ya mkaa. Kingo zilizochakaa baba alikuwa amezikata sawasawa kwa mkasi. Alama za vidole vya mtoto alikuwa amezifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na pale kitambaa kilipopita, wekundu wa joho ulikuwa umemwagikia mawingu. Silvester alifunua ukurasa mmoja mmoja hadi mwisho, na baba alimfuata kwa macho akingojea kusifiwa. Nakumbuka uso wake ule. Ningeweza kumpiga mtu.

Silvester akanyanyuka, akaleta kitabu kingine kutoka sandukuni. Kilikuwa na vumbi, pini zina kutu, pembe moja imekunjamana na nyuma pana doa la chai.

"Hiki ni namba sita tu," alisema polepole. "Mgiriki amenilipa shilingi tisini kukitafuta. Anataka kama kilivyotoka kwa mwenyewe, mzee. Kikiguswa, hakitaki."

"Lakini hiki kichafu," baba alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na changu ni namba moja."

"Namba moja kweli. Ungekiacha ndani ya bahasha ukakisahau, leo ningekuhesabia mia mbili, labda na zaidi. Sasa kwa Mgiriki si kitu. Mimi ninaweza kukupa shilingi mbili, wanafunzi watakisoma."

Baba alipitisha kidole juu ya ule uzi mweupe. Kisha akauliza, kwa sauti aliyokuwa akiitumia jikoni kwa Wazungu, "Nikifumua uzi?"

"Matundu yatabaki, mzee."

Hivyo basi, mvivu yeyote, mtu wa kutupa vitu chini ya kitanda, angenikomboa. Miaka kumi na tisa walimfundisha kwamba kutunza ni kufua, kunyoosha na kupiga pasi. Walimkemea kwa kila doa. Ilipofika siku ya kumlipa wakampa kitu ambacho thamani yake ilikuwa uchafu wake, na hakuna aliyemwambia. Nilitaka kulia pale sokoni, lakini hasira ilikuwa nyingi mno.

Baba hakuuza. Alikirudisha katika bahasha, na njia nzima hadi Mbeya alisema neno moja tu: "Zilikuwa na kutu." Najuta kwamba sikumjibu.

Jumapili mimi na Shangazi Marta tulikwenda kanisani. Baba alibaki, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Tuliporudi tulimkuta barazani amesimama, pasi ya mkaa bado ina moto, na nyuma yake, kwenye msumari, gauni langu linaning'inia. Lilikuwa jeupe kuliko siku niliyolinunua. Lilikuwa limetiwa wanga.

"Nilikuta liko kapuni, limeharibika," alisema, haniangalii. "Damu inatoka kwa chumvi na maji baridi. Kesho usiende kwa wazee kama mtu asiye na baba."

Shangazi alifungua mdomo. Nilimshika mkono nikaubana, akanyamaza. Mtu mmoja hawezi kuambiwa jambo lile mara mbili katika wiki moja.

Jumatatu nililivaa, maana sikuwa na jingine la heshima. Wazee wakaniuliza ushahidi uko wapi. Nikawaonyesha mdomo wangu, na Eliezeri akasema tena habari za mto. Mkubwa wao akanitazama kutoka ukosi hadi pindo, polepole.

"Mwanamke anayevaa hivi," alisema, "anatunzwa vizuri na mumewe."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Nilipogeuka nikaona ameinama anatazama gauni, na nikajua ameelewa. Niliondoka na Eliezeri jioni ile ile, nguo ikiwa bado haijakunjamana.