Pua ya Umeme na Marashi ya Tanti Noella

Sitawaficha: mpaka leo nikimwona mmoja wa maprofesa wale mjini navuka barabara, na kama hakuna pa kuvukia najifanya natafuta kitu mkobani, maana mimi ndiye binti aliyetolewa nje ya defansi yake mwenyewe, siku ya kutetea kazi yake ya chuo mbele yao, kwa sababu ya kunukia vizuri.

Kazi yangu ya kumaliza chuo hapa Bukavu ilikuwa mashine mbili zinazoongea kwa harufu (kama nondo jike anavyomwita dume bila sauti). Moja inapuliza spiriti kidogo, nyingine ina pua ya umeme: ikinusa inaandika 1, isiponusa 0, na namba hizo zinageuka herufi. Neno langu lilikuwa KARIBU. Lisipotokea, hakuna diploma, narudia mwaka.

Asubuhi ya defansi familia ilijaa uani mwa chuo, na tanti Noella, shangazi yangu anayeuza marashi sokoni Kadutu, akaja na chupa yake. Kwetu mtu anamwagiwa poda na marashi akishashinda, si kabla.

“Tanti, iko mapema.”

“Wacha! Kisha watu watakuwa mingi, sitakufikia.”

Nikakubali (nani abishane na tanti Noella?), akanipulizia mpaka nikapiga chafya.

Basi nikasimama kando ya ile pua, mbele ya juri, yaani maprofesa wanaonihoji, na kabla sijabonyeza chochote kioo kikaandika 1 1 1 1. Nikazima, nikawasha, yaleyale. Nikiinama kuchunguza waya inazidi, nikienda kunywa maji inatulia, nikirudi inaanza tena, na mimi sielewi hata kidogo, nadhani nimerogwa, nikabadilisha hata betri iliyokuwa nzima.

Rais wa juri, mzee mpole, akavua miwani, akanusa hewa.

“Mademoiselle, toka inje kidogo.”

“Nimefeli, papa profesa?”

“Hapana. Uko unasema kuliko mashine yako. Toka, tufungule madirisha.”

Nikajibu maswali nikiwa koridoni, napaza sauti kupitia upenyo wa mlango, huku tanti akiniuliza kila dakika kama aanze kuimba. Hatimaye wakabonyeza wenyewe, nikawasikia ndani wakisoma herufi moja moja mpaka KARIBU ikatimia, nikalia palepale.

Diploma ninayo. Ila kwenye ripoti wameandika kwa wino mwekundu kwamba mtaalamu wa harufu hakujua kuwa marashi yana spiriti. Naapa, pongezi za mapema sizipokei tena, hata kutoka kwa maman aliyenizaa.