Michembe Mbele ya Altare

Hadi leo nikisikia mnada wa mavuno kanisani, damu inanichemka.

Mama Kalisti, jina lake la ubatizo Euphrasia, alikuwa mjane wa mchimbaji aliyefukiwa na kifusi mgodini Geita. Ndiye aliyeanzisha shamba la viazi vitamu nyuma ya kigango chetu, ili wajane na walioumizwa na migodi wasilale njaa. Sisi wanawake tulilima naye. Ukiacha magugu kwa uvivu, alikusema wewe na ukoo wako. Viazi tulivimenya, tukavikata, tukavianika juani vikawa michembe, akiba ya kiangazi, tukaijaza kihengeni.

Mwaka 1953 mvua zilikatika mapema. Jumapili ya mavuno, Mwalimu Bartholomeo, katekista wetu, akaagiza michembe yote ipelekwe mbele ya altare. Tuliibeba wenyewe vichwani, kwa vigelegele, tukidhani inakwenda kubarikiwa. Baada ya ibada akaanza kuinadi. Kanisa linataka bati, akasema.

Bati! Watu wanachimba mizizi porini, yeye anawaza bati.

Stanslaus, mfanyabiashara wa Kalangalala, alichukua gunia baada ya gunia. Likabaki moja. Ndipo mwenzetu mmoja, jina lake Sikujua, akasimama. Mumewe alivunjwa miguu na jiwe shimoni, na watoto wao walikuwa wakila kutoka shamba lile. Hakuwa na hata senti. Akavua khanga mabegani.

"Mwalimu, mimi natoa hii."

Mtu mwenye haya angefunga mnada papo hapo. Bartholomeo akauliza, "Nani anaongeza?"

Stanslaus akaongeza.

Mama Kalisti akaenda mbele, akalikalia lile gunia.

"Mayu, mama yangu, ondoka," Bartholomeo akamwambia. "Hiyo ni mali ya Mungu."

"Kwani Mungu ndiye aliyekutuma uiuze? Njoo uniondoe."

Hakuthubutu. Tulitoka na gunia hilo moja, tukaligawa nyumba kwa nyumba, likaisha upesi. Mengine yalikwenda na lori la Stanslaus.

Kabla ya mvua bati likapigwa, jipya, linang'aa hadi linaumiza macho. Mazishi ya kwanza chini yake yalikuwa ya mtoto wa mwisho wa Sikujua. Bartholomeo aliongoza sala kwa sauti nzuri. Mama Kalisti alikataa kuingia. Alisimama nje, kwenye jua kali, mpaka jeneza likatoka.