Nilijifunga Kidole Kizima Ili Nisiende Beni

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kabla hamjaanza kumhurumia mtu. Nilikuwa na kidole kizima kabisa, hiki cha kati cha mkono wa kushoto, nikakifunga kitambaa nikasema kimevunjika. Juu ya nini? Juu ya uvivu! Na leo kidole hiki kinanihukumu kuliko padiri.

Cheka kwanza. Hata mimi nilicheka. Halafu usikie mwisho wake.

Mimi ni mtu wa nyumba. Kwetu Bulengera wananiita Kitanda. Najua bati gani linavuja, najua kuku gani anataga nyuma ya gunia la makala ya kupikia, lakini ukiniuliza njia ya Mutwanga nitakuambia uliza mwingine. Baba yangu ni chauffeur, dereva wa lori la Fuso. Anabeba vitunguu na viazi kutoka Kirumba, anafika, analala nyumbani usiku mmoja, anaondoka tena. Mama husema fungu la baba la kukaa nyumbani nililichukua mimi lote.

Sasa Mungu naye ana mizaha yake! Mtu wa kitanda akampa mikono ya kushika mpira. Katika collège yetu, sekondari ya hapa Butembo, nilikuwa gardien namba moja, mlinzi wa goli, tangu mwaka wa nne mpaka wa sita. Kwa nini goli? Kwa sababu wengine wote wanakimbia, gardien anangoja. Kazi yangu kabisa!

Mwaka jana, mwaka wangu wa mwisho, kukawa na mashindano ya macollège ya Butembo na Beni. Mara tunacheza hapa, mara kule. Prof wa gymnastique, ndiye alikuwa kocha wetu, akaniita.

"Kitanda, tayarisha réserve wako. Gardien hana kesho. Leo uko, kesho hauko."

Réserve wangu, yule wa kukaa benchi, aliitwa Kasereka. Kijana wa Kirumba, mwaka wa tano, aliishi kwa mjomba wake nyuma ya soko letu. Mrefu, mkimya, mikono kama majembe lakini haijui pa kulima. Tangu aingie timu kazi yake ilikuwa kunishikia koti na chupa ya maji. Hakulalamika hata mara moja. Nilidhani ni upole. Kumbe ni njaa iliyojifunza adabu!

Mechi ya kwanza ya Beni nilikwenda. Nyuma ya Fuso, nikatapika mpaka wenzangu wakanihamishia kwenye kona. Beni joto! Mimi nimezoea ukungu wa Butembo, blanketi na chai. Tukalala darasani juu ya mabenchi, mbu wakafanya mkutano usoni mwangu na wote wakapewa neno. Tulishinda, ndiyo. Lakini nilirudi nikaapa mbele ya sahani ya maharagi ya mama: Beni, tena hapana!

Na nisiwadanganye, si mbu peke yake. Barabara ile mnaijua, watu wenye bunduki hutoka msituni wakashambulia magari. Nimekua nikimwona mama ameshika simu mkononi, anangoja baba aseme neno moja tu: "Nimepita." Mimi niliogopa. Lakini kuogopa kunatia haya, na uvivu unachekesha watu. Nikachagua kuonekana mvivu.

Ndipo nikatoa akili yangu kubwa. Nikamwita Kasereka kwetu, nyuma ya jiko, mama akichoma mahindi.

"Petit, mdogo wangu, unataka kucheza?"

"Grand, kaka yangu, unaniuliza ao unanicheka?"

"Tugawane. Mechi ya Beni, yako. Mechi ya Butembo, yangu."

Akaacha kutafuna. "Na Prof?"

"Prof uniachie. Mimi niko na kidole."

"Kidole gani?"

"Chenye kitavunjika siku ya Alhamisi."

Akacheka mpaka hindi likamwanguka kwenye majivu. Tukapeana mkono. Wa kushoto, uleule wa kidole!

Basi, ili Prof asinilazimishe kusafiri, ilibidi Kasereka awe gardien wa kweli. Nikaanza kumfundisha. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mama, yeye amesimama kati ya migomba miwili. Nilimtupia mpira, nilipochoka kuuokota nikamtupia viazi. Siku ya mvua nikamtupia sabuni iliyolowa.

"Ukijua kushika sabuni, mpira wa mvua utakuwa ndugu yako!"

"Na nguo nitafulia mate yenu?" mama akapiga kelele kutoka ndani.

Nikampa yote. Nikamwambia mabeki wetu hawasikii ukisema "toka", lakini ukiwaita kwa majina ya mama zao wanageuka mbio. Nikamwonyesha wakati wa kutoka golini na wakati wa kutulia. Na mwisho, mjinga mimi, nikampa ile siri ya penalti ambayo hata Prof sikuwahi kumwambia.

"Usiangalie mpira, mpira ni mwongo. Macho ya mpigaji ni mabaya zaidi. Angalia mguu wake wenye unabaki chini. Ncha ya kiatu itakuonyesha pahali anapeleka."

Mechi ya Butembo ikifika nilisema kidole kimepona, safari ikija nilisema kimeumia tena. Kabla ya kila safari ya Beni, Kasereka mwenyewe ndiye alinifunga. Alifunga kama infirmier wa hospitali: mara mbili kwenye kiungo, fundo upande wa ndani.

"Iume kidogo, Grand," alikuwa anasema, "njo uso yako iseme kweli."

Tukacheka! Jamani, tulicheka sana.

Wao wakaenda, mimi nikabaki na kula. Siku moja jirani yetu Mama Salima, mwenye anauza mchele mbele ya nyumba yake, akaniona nikikamua blanketi kwa mikono miwili, kitambaa kikiwa kidoleni.

"Kitanda, collège yenu iko wapi leo?"

"Beni, Mama Salima."

"Na wewe?"

"Niko na kidole."

Akatazama kidole. Akatazama blanketi. Akaendelea kupepeta mchele wake. Yale macho ningepaswa kuyaogopa siku ileile!

Jioni simu ikalia. Kasereka, kutoka Beni, anapiga kelele kama amepata mtoto: "Grand! Ule muguu! Niliuangalia, nikaruka, nikashika!" Nami huku kitandani nikainua kikombe cha chai kama ni mimi niliyeruka. Niliona fahari. Si utani, nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Aliporudi akaniambia njiani Fuso lilikwama kwenye tope, wakalisukuma wote, na yeye alisema Salamu Maria mpaka ulimi ukakauka. Nikamcheka! Ndiyo, mimi mwenye nilikuwa chini ya blanketi.

Sasa tukafika finale. Pahali? Butembo, kwenye terrain, uwanja wetu wenyewe. Kwa mapatano yetu, hiyo ni yangu!

Na kulikuwa na jambo lingine. Baba hakuwahi kuniona nikicheza. Hata mara moja! Kila mechi yeye yuko barabarani. Safari hii akapiga simu kutoka Kirumba: "Gari nitaliacha kwa tajiri mwenye gari. Hiyo finale nitakuona na macho yangu." Mimi, mtu ninayependa usingizi kuliko nyama, sikulala.

Siku ya mazoezi ya mwisho nikafika bila kitambaa. Nikavaa gants zangu, glavu za golini, nikasimama mbele ya Prof.

"Prof, nimepona."

"Kweli? Kunja tuone."

Nikavua gant moja, nikakunja, nikakunjua. Kidole kikacheza kama mtoto wa harusi. Prof akaanza kutabasamu.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, laini kama ya mwimbaji wa kwaya.

"Prof, anajikaza tu. Juzi kilivimba. Ni mimi njo namufungaka, ninajua vile kiko. Tukimuweka kwenye finale kitavunjika kabisa, na examen d'État, mtihani wa taifa, ataandika na nini?"

Kasereka!

Prof akamshika bega. "Muone! Huyu njo rafiki wa kweli."

Niambieni, mungesema nini? Nikisema anadanganya, nimesema kidole hakikuvunjika. Na kama hakikuvunjika, basi nilikuwa wapi wenzangu walipolala na mbu? Nilikuwa wapi waliposukuma Fuso? Walikuwa wamenizunguka wote, na viatu vyao vingine vilikuwa bado na lile tope. 

Kasereka akatoa kitambaa mfukoni. Alikuwa amekileta! Akanishika mkono mbele ya watu wote, taratibu, mara mbili kwenye kiungo, fundo upande wa ndani. Akakaza. Halafu akainama kama anakagua kazi yake, akanong'ona:

"Iume kidogo, Grand."

Na safari hii iliuma.

Siku ya finale baba alikuja na shati lake jeupe la misa. Akapita katikati ya watu mpaka nyuma ya goli letu, akasimama pale, kwa sababu pale ndipo mwanawe angekuwa. Akatazama mgongo wa Kasereka. Akauliza watu. Wakamwonyesha benchi. Akaniona nimekaa, nimeshika koti na chupa ya maji. Koti la Kasereka!

Akaniinulia mkono kunisalimu. Nikamwinulia ule wenye kitambaa.

Tulikuwa mbele kwa goli moja. Karibu na mwisho Beni wakapata penalti.  Mpigaji akaja. Nikaangalia mguu wake wa chini, ncha ya kiatu ikaenda kushoto, nikalala kushoto hapohapo kwenye benchi, nikamwangukia mwenzangu na chupa ikamwagika juu yetu. Nilipoinua kichwa Kasereka alikuwa chini na mpira kifuani. Kushoto!

Wakamwinua juu. Wakapita naye mbele yangu wakiimba. Hakuniangalia.

Mimi aliyenishika ni baba tu. Alikichukua kidole changu kama yai.

"Kinauma?"

"Ndiyo, baba."

"Vumilia. Uliumia ukilinda collège yenu. Hiyo si haya."

Aka! Afadhali angenipiga kofi.

Baadaye nilimfuata Kasereka kwa mjomba wake. Nikamwambia yote: msaliti, nyoka, nilikulisha mahindi yetu! Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema:

"Grand, mimi nilisema uongo gani mbele ya Prof, wenye wewe haukusema wa kwanza?"

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga kwa adabu, kama anavyofunga kitambaa.

Leo mimi niko nyumbani na diplôme yangu, mechi hakuna tena. Yeye ndiye namba moja. Nasikia ana réserve wake, na hamfundishi kitu, hata kufunga kamba za viatu. Kuna mtu mmoja amejifunza kutokana na kosa langu, na ndiye huyo!

Lakini hiyo bado si ndiyo inaninyima usingizi. Ni baba. Kule barabarani anahadithia machauffeur wenzake, mpaka mmoja alisimama kwetu akauliza, "Ni wewe mwenye ulivunjika kidole juu ya goli?" Amenunua mafuta ya mifupa kwa mzee mmoja wa Mutwanga. Kila akirudi, ule usiku wake mmoja, kabla hata ya kunawa vumbi, ananiita: "Lete mkono." Ananikanda, anapuliza. Analala amechelewa, anaondoka alfajiri. Nami nampa mkono. Kila mara nampa!

Wenzangu mnaosoma, msijifanye werevu kama mimi. Ukimfundisha mtu kazi yako, mfundishe ukiwa umesimama pahali pako, si ukiwa umelala. Na uongo wako usimpe mwingine akufungie. Siku atakayotaka, atakaza fundo, na wewe huwezi kulia, kwa sababu uliomba mwenyewe.

Juzi nilishindwa kunyamaza. Nikasimama kwenye uzio nikamwambia Mama Salima habari yote, tangu mahindi mpaka mafuta. Nilitazamia amlaani Kasereka, hata kidogo tu, kwa ajili ya ujirani. Aliendelea kupepeta mpaka mchele wa ungo ukaisha. Ndipo akanijibu, na ninayaandika maneno yake yalivyo:

"Kitanda, ule mutoto hakukuibia kitu. Barabara ya Beni ni yeye aliipita, na woga yake kama ya kwako. Wewe ulitaka kufika bila kutoka. Sasa toka kwa muchele yangu, machozi itaulowesha. Baba yako anafika kesho: umuambie anapakaa mafuta kidole kizima."