Alama za Mtori

Leonia wa Kibosho alikuwa mwanamke wa kazi. Kahawa yake ilipaliliwa kabla ya za wenzake, ng'ombe wake wa zizini hawakukosa majani, na mtori wa ndizi na nyama aliompikia mkwewe Digna alipojifungua uliwafanya majirani waje kumwona mtoto mara mbili mbili. Kilichomshinda ni kusoma tu. Serikali ilipotangaza kisomo cha watu wazima, naye akajiandikisha. Akishakata majani, alikwenda kubana magoti kwenye dawati la watoto pamoja na wanakijiji wenzake.

Mwalimu wao alikuwa Digna huyohuyo, mke wa mwanawe, aliyemaliza darasa la saba. Hapo ndipo penye ugumu. Asubuhi Digna alimwamkia shikamoo na kumpokea ndoo. Alasiri alitakiwa kumwambia mama huyohuyo kwamba hajui. Hakuweza. Leonia aliposoma "kuku" palipoandikwa "kaka", Digna aliitikia kwa kichwa na kumwita mwingine. Mtihani ulipofika alimpa Leonia alama themanini, na kwa kuwa aliona si haki kumpendelea yeye peke yake, darasa zima likafaulu.

Leonia alifurahi kupita kiasi. Jumapili, baada ya misa, wanawake walimkuta mbele ya ghala la chama cha ushirika, ambako tangazo la siku ya kupima kahawa lilikuwa limebandikwa mlangoni. Kwa kuwa alama zake zilizidi za wote, wakamwomba awasomee. Leonia akakunja uso, akaitambua "Juma", akatangaza kwa sauti ya mwalimu kwamba ni Jumatatu.

Kumbe imeandikwa Jumatano. Kesho yake wakashuka na magunia kichwani katika utelezi, wakakuta kufuli. Wachache walikasirika, wengine, walipokumbuka kwamba nao wote wamefaulu na hakuna aliyegundua kosa, walicheka mpaka wakakalia magunia. Jirani yake, Veronika, akaanza kumwita Mama Jumatatu. Leonia alicheka nao, kisha akajitwika gunia lake na kupanda mlima.

Alimkuta Digna jikoni akimenya ndizi. Akatua gunia, akaketi.

"Digna, mwanangu, zile alama ulinipa za kusoma au za mtori?"

Digna hakuinua macho. "Za mtori, mama," akasema polepole. "Ningekufelishaje, nami nakula kwako?"

Leonia hakugomba. Alimwambia kwamba kufichwa huko ndiko kulikompandisha mlima na gunia bure, na kwamba yeye mwenyewe ana kosa lake, maana alijua hajui, ila zile alama alizipenda.

"Nyumbani mimi ni mama mkwe wako," akasema. "Darasani nikikosea, nikate alama."

Mtihani ukarudiwa. Wengi walianguka, Leonia akiwatangulia. Mzee Primus, ambaye alikwisha kuwaita watu wanywe mbege, pombe ya ndizi, kwa kufaulu kwake, akasusa, akidai mwalimu hana adabu. Leonia alimfuata kwake, akamweleza kwamba yeye amekatwa na mkwewe mwenyewe na hajafa. Primus akarudi, akaketi nyuma kabisa.

Digna naye, akishaonja kusema kweli, akawa mkali. Leonia alikosea, akarudia, akakosea tena. Akiwa anapika aliandika silabi kwenye majivu kwa kijiti. Mwaka uliofuata alifaulu, si kwa alama nyingi, na Digna alimpigia makofi kuliko watu wote.

Mavuno yalipokwisha, wawili hao walishuka Moshi mjini kununua vitenge. Leonia hakuvitazama. Alisimama mbele ya kila duka akisoma ubao wake kwa sauti, silabi kwa silabi, wapita njia wakimpisha. Kwenye duka la viatu alikosea neno, Digna akamsahihisha palepale barabarani. Leonia akarudi nyuma kidogo, akalisoma upya mpaka likanyooka, ndipo wakaenda duka lililofuata.