Saa Tatu Yangu na Jezi za Soka ya Ufukweni

Kaka yangu ndiye aliyenileta Guangzhou, na baada ya miaka minne ya kumsaidia biashara yake ndiye aliyenipa msimu mmoja tu. Nipate mteja wangu mwenyewe, la sivyo nirudi Dar es Salaam. Mimi nikikasirika hufanya kazi kama mtu aliyechokozwa.

Mteja akapatikana Ulaya. Alikuwa kijana wa Unguja, mtunza vifaa wa timu iliyocheza ligi ya kimataifa ya soka ya ufukweni, ile ya watu watano watano, pekupeku mchangani. Jezi walizoagiza kwingine zilichuja rangi mara ya kwanza kufuliwa, na ufunguzi ulikuwa wiki mbili mbele. "Dada, nimewaambia nina ndugu yangu China," aliniambia kwenye simu. "Usiniaibishe."

Nikazunguka Barabara ya Zhanqian, penye masoko ya nguo za jumla, mpaka nikampata mama mmoja mwenye kiwanda, mkali kama mimi. Kila nilipotaka kitambaa chepesi zaidi alisema "mei you," hakuna, na kila aliposema hivyo nilivuta kiti nikakaa. Siku ya tatu kitambaa kikapatikana.

Jezi zilipokamilika nilimpigia dereva wa gari la mizigo, nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni aje kesho "san dian". Yaani saa tatu. Uwanja wa ndege wa Baiyun ungefunga kupokea mzigo wetu saa sita mchana.

Asubuhi nikakaa juu ya marobota mlangoni pa kiwanda. Saa tatu ikapita, saa tatu na nusu nayo ikapita. Nikampigia kwa hasira, naye akanijibu kwa upole kwamba mchana bado, atakuja san dian kama nilivyosema. Hapo nikazinduka. Kichina kilikuwa sawa, saa ndiyo ilikuwa ya Kariakoo. San dian yao ni saa tisa yetu ya alasiri. Miaka minne China, na bado nilikuwa nahesabu saa tangu jua linapochomoza.

Nililia, sifichi. Yule mama akatoka kuuliza kuna nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawafokea wafanyakazi wake washushe suruali za watu kwenye gari lake na kupakia jezi zangu. Tulifika Baiyun imebaki robo saa.

Msimu ule wa ligi niliufuata mji kwa mji kwenye intaneti kafe ya Xiaobei, mtaa wetu Waafrika. Timu ilimaliza ya pili. Wenzangu waliangalia mabao, mimi niliangalia mishono ya kola, na rangi ilikuwa ile ile tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Nilijivuna kupita kiasi, nikawaonyesha picha hata watu nisiowajua. Kijana wa Unguja akaagiza tena, na timu nyingine mbili zikamfuata.

Mchana mmoja nilikuwa nakula na kaka mkahawani. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zanzibar akaja mezani petu, anamtafuta dada wa jezi. Tukaongea kazi mpaka chai ikapoa. Mwisho akamgeukia kaka kwa adabu, akamuuliza yeye anashughulika na nini hapa mjini. Kaka, mwenye makontena yake baharini, alinitazama kidogo.

"Mimi ni kaka yake," akasema.