Ukurasa wa Pili wa Faksi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ingawa wewe hujazaliwa na mimi nna miaka kumi na sita. Bibi husema nasaha haingoji mvi, basi nakuandikia humu daftarini.

Tulikuwa nyumbani kwa Bibi, hapa mjini Sib, halwa imeshapita, kahawa inazunguka. Mjomba Salim, mwanawe Bibi, ni imamu wa msikiti mdogo huko Kanada. Kule sheria mpya imeruhusu wanaume wawili kuoana, na wanawake wawili vilevile. Bibi alikuwa hali wala halali, akihofu mwanawe atalazimishwa kuwaozesha. Mjomba akatuma faksi ya sheria yenyewe, na msomaji wa Kiingereza wa nyumba ile ni mimi.

Nikasoma ukurasa wa kwanza: watu hao wana haki ya kuoana. Ami Nasser, kakake baba, akanikodolea macho. Nikaona haya, nikakimbilia jikoni na faksi mkononi.

"Mmesikia?" Ami akasema. "Atawaozesha au atafungwa."

Bibi akashika simu. "Salim, funga mizigo urudi. Nnakutaka hapa."

Miaka yote Mjomba aliyoulea msikiti ule inataka kupotea, mwanangu, na mimi nimejificha nyuma ya friji. Haraka haina baraka, lakini na haya ikizidi haina.

Nikageuza ukurasa. Nikasoma. Nikatoka.

"Bibi, usikate simu. Haijesha."

Nikawasomea: kiongozi wa dini halazimishwi kuozesha kinyume na imani yake. Nilirudia, safari hii kwa sauti ya kusikika.

"Sasa hao wataozwa na nani?" Ami akauliza.

"Serikali, ofisini kwake."

Bibi akacheka, cheko lililopotea siku nyingi. "Si kama Ruwi hapo, penye makanisa na misikiti? Padri anaozesha watu wake, kadhi wake. Umeshaona kadhi kaitwa kanisani? Nasser, kunywa kahawa yako." Akarudi kwenye simu. "Salim, fungua mizigo."

Mjomba yuko kule hata leo, na msikiti umeongezwa safu mbili. Anasema jirani zake, wanaume wawili, wameoana huko ofisini. Yeye hakuwaozesha, wao hawakumwomba, na theluji ya mlangoni wote watatu wanaiondoa pamoja.

Basi, mwanangu, sheria isome mpaka mwisho kabla hujawatisha watu. Haki ya mwenzio isiwe pingu ya dini yako, wala dini yako isiwe pingu ya haki yake. Na ukiwa na la kusema, toka jikoni. Mungu akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi, akukuze baina ya watu wasioogopana.